Huyu ni wa Wapi? Halmashauri Zetu na Haki ya Mtu wa Mpakani

Mada hii ilitolewa Nyabibuye, wilayani Kakonko, mbele ya wajumbe wa kamati za maendeleo za parokia, watendaji wa vijiji na wageni kutoka kwa wafadhili. Tunaichapisha kama ilivyosomwa, isipokuwa salamu za mwanzo ambazo tumezifupisha.

Ndugu Mwenyekiti, waheshimiwa madiwani, ndugu watendaji, wajumbe wa kamati za parokia, na ninyi wageni wetu mliosafiri kutoka mbali,

Nimeombwa nizungumzie usawa kati ya watu wa asili mbalimbali, na jinsi serikali za mitaa zinavyoweza kushirikiana kuuleta. Barua ya mwaliko ilitumia maneno "usawa wa rangi". Najua baadhi yenu mlipoisoma mliulizana: Nyabibuye kuna rangi gani? Wote hapa tumeungua jua lile lile. Swali hilo ni la haki kabisa, na ndilo nitakaloanza nalo.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1965 wa kutokomeza ubaguzi wa rangi, ambao Tanzania ilijiunga nao mwaka 1972, hauzungumzii ngozi peke yake. Unataja pia ukoo, asili ya taifa na asili ya kabila. Katiba yetu nayo, katika ibara ya 13, inakataza kumbagua mtu kwa sababu ya utaifa wake, kabila lake, mahali alikotoka, rangi, dini au hali yake ya maisha. Tena inapozungumzia usawa mbele ya sheria, ibara hiyo inasema watu wote. Haisemi raia wote. Waliochagua neno hilo walijua walichokuwa wanafanya.

Kwa hiyo huku kwetu ubaguzi wa rangi upo, ila una jina lingine. Unaitwa "Huyu ni wa wapi?" Unaulizwa kwenye kizuizi cha barabarani, kwenye dirisha la ofisi, shambani siku ya kulipa ujira, na wakati mwingine hata kwenye benchi la kanisa. Anayeulizwa hahukumiwi kwa alichofanya. Anahukumiwa kwa lafudhi, kwa jina la babu yake, na kwa upande wa kilima alikozaliwa.

Hoja yangu leo ni kwamba swali hilo haliwezi kujibiwa kwa haki na halmashauri moja peke yake. Kakonko, Kibondo, Kasulu na Buhigwe ni majirani. Wakiwa na majibu manne tofauti kwa mtu yule yule, atakayeumia ni mtu huyo, na mara nyingi atakuwa mtu asiye na nauli ya kwenda kukata rufaa.

MPAKA ULITUKUTA HAPA

Tuanze na lugha, kwa sababu ndiyo kipimo kinachotumiwa sana na ndicho kibovu kuliko vyote. Mtu wa Nyabibuye akitaja jiwe kwa Kiha anasema ibuye. Mtu wa Cankuzo au Ruyigi, ng'ambo, akitaja jiwe anasema ibuye. Wataalamu wa lugha wanaviweka Kiha, Kirundi na Kinyarwanda katika kundi moja, na bibi zetu hawakuhitaji mtaalamu kuwaambia hivyo. Sasa askari aliyezaliwa Lindi au Mara anapomkuta kijana barabarani anazungumza hivyo kwa simu, atajuaje? Hawezi kujua. Hata mimi, niliyezaliwa hapa na kufanya kazi ya utendaji wa kijiji kwa miaka mingi, sidai kwamba naweza kumtambua raia kwa sikio.

Mpaka wenyewe haukuchorwa na Waha wala na Warundi. Wakati wa Wajerumani, Urundi, Rwanda na Tanganyika vilikuwa koloni moja. Katika Vita Kuu ya Kwanza Wabelgiji waliingia kutoka Kongo wakaitawala Kigoma hadi mwaka 1921, walipowakabidhi Waingereza huku wakibaki na Ruanda-Urundi. Mzee aliyezaliwa huku mwaka 1900 alitawaliwa na Mjerumani, akaja Mbelgiji, akaja Mwingereza, naye hakuhamisha hata jiko.

Kisha Waingereza walileta jambo lingine ambalo bado linatusumbua. Kwa sheria ya mwaka 1926, Gavana Donald Cameron alijenga utawala wa chini juu ya kabila: kila kabila na mtemi wake, baraza lake na eneo lake. Ndivyo ilivyokuwa kwa Buyungu, Muhambwe na Heru. Kwa miaka karibu arobaini serikali ya mitaa nchini ilimaanisha serikali ya kabila. Tanganyika huru ilifuta utawala wa machifu mwaka 1963, na lilikuwa jambo jema. Lakini fikra haifutwi na gazeti la serikali. Bado tunasikia watu wakizungumza kana kwamba halmashauri ni mali ya wenye asili ya hapo, na wengine ni wapangaji.

Nisisitize kwamba sisi Waha tumeonja upande wa pili wa dharau hiyo. Kigoma ilifanywa hodhi ya vibarua. Vijana wa Kasulu na Kibondo walichukuliwa kama manamba kwenda kukata katani Tanga na Morogoro, na huko Muha alidharauliwa kwa lugha yake, kwa nguo zake na kwa kukubali kazi ambayo wengine waliikataa. Wazee waliorudi na makovu ya mikonge wengine tuliwazika sisi. Mtu aliyetendewa hivyo alitakiwa awe wa kwanza kumwelewa Mrundi anayekuja na jembe begani. Sina hakika kwamba ndivyo ilivyo.

OPERESHENI NA MIAKA YAKE

Wageni wetu wanaijua Kigoma kwa habari ya ukarimu, na ni kweli. Mwaka 1972 walikuja waliokimbia mauaji ya Burundi. Mwaka 1993, baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa, walikuja wengine kwa malaki. Mwaka 1996 kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa Kasulu kwa ajili ya Wakongo. Kibondo ya zamani, kabla haijagawanywa mwaka 2012 na kuzaa Kakonko, ilikuwa na kambi za Kanembwa, Mkugwa, Nduta, Mtendeli na Karago kwa wakati mmoja. Mwaka 2015 walikuja wengine kupitia Kagunga, na meli ya Liemba ikawabeba hadi Kigoma huku kipindupindu kikiwa kimeingia kati yao. Nduta ilifunguliwa tena mwaka huo, na Mtendeli mwanzoni mwa 2016.

Lakini ukarimu una upande wake wa nyuma. Mwishoni mwa mwaka 1997 vyombo vya dola vilipita katika vijiji vya mpakani kukusanya Warundi na kuwapeleka kambini kwa sababu za usalama. Kati ya waliokusanywa walikuwamo watu walioishi vijijini tangu 1972, wenye mashamba, wenye wake au waume Watanzania na watoto waliozaliwa hapa. Familia zilitenganishwa. Mwaka 2013 ikaja Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita. Sisemi serikali haina haki ya kulinda mpaka. Inayo, na sote tunakumbuka miaka ambayo mabasi ya barabara ya Nyakanazi hadi Kibondo yalisindikizwa na polisi kwa ajili ya majambazi. Ninachosema ni kwamba kila operesheni ilipokuja, mwenyekiti wa kitongoji aliulizwa papo hapo, mbele ya gari lenye injini inayounguruma: "Huyu ni wa wapi?" Hakuwa na daftari. Alikuwa na kumbukumbu yake, urafiki wake, na pengine ugomvi wake wa shamba na mtu yule.

Hapo ndipo haki ilipopotea. Haikupotelea Dodoma, ilipotelea kwenye kitongoji.

Tangu vitambulisho vya Taifa vianze kutakiwa kila mahali, operesheni imekuwa ya kila siku na haina kelele. Mwaka 2020 laini za simu zisizosajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA zilianza kufungwa. Bila namba hiyo ni taabu kusajili laini, na bila laini huna pesa ya mkononi. Kwa mtu wa Dodoma ni usumbufu wa wiki mbili. Kwa mtu wa vijiji vyetu ni maswali juu ya babu, bibi, mahali walipozikwa na nani aliwaona. Sielewi ni kwa nini mjukuu wa manamba aliyezikwa Tanga aonekane mgeni kwa sababu hawezi kuonyesha kaburi.

USHAHIDI UMETAWANYIKA

Mnajua kwamba uraia ni jambo la Uhamiaji na Wizara ya Mambo ya Ndani. Halmashauri haigawi uraia, na isijaribu. Lakini karatasi ya kwanza kabisa hutoka kwa mtendaji wa kijiji. Barua ya utambulisho, muhuri, majina ya mashahidi: vyote ni vya serikali za mitaa. Ofisa wa juu anasoma kilichoandikwa chini. Kikiwa kibovu, kila kitakachofuata kitakuwa kibovu.

Chukua mfano wa mama mmoja wa kawaida. Wako wengi wa namna yake. Alizaliwa Kibondo kabla wilaya haijagawanywa, katika kijiji ambacho sasa ni cha Kakonko. Alisoma darasa la kwanza hadi la nne hapo, kisha mjomba wake akamchukua Kasulu akamalizia huko. Aliolewa Buhigwe, karibu na Manyovu. Mume amefariki, amerudi kwao, na sasa anataka kitambulisho ili aingie kwenye kikundi cha mkopo cha akina mama. Rejista ya shule iko Kasulu, cheti cha ndoa Buhigwe, na mashahidi wa kuzaliwa kwake wako hapa. Kila ofisi inamwambia aende nyingine. Mtendaji wa hapa anasema, "Wewe hujaishi kwetu miaka ishirini, nitakutambulishaje?" Wa Buhigwe anasema, "Wewe si mzaliwa wa huku." Hakuna aliyemkataa kwa chuki. Amekataliwa na mipaka ya halmashauri.

Mama huyo akiwa wa Moshi, jina lake na lafudhi yake vingemtosha. Huku kwetu hakuna anayeaminiwa kwa jina, kwa hiyo karatasi ndiyo inayomwokoa, na karatasi zimegawanywa katika wilaya tatu.

Nilisema mapema kwamba lugha ni kipimo kibovu. Angalieni jinsi kinavyogeuka kulingana na mahali. Kule Chogo, wilayani Handeni, walipokelewa wakimbizi Wabantu kutoka Somalia ambao mababu zao walikuwa Wazigua waliopelekwa huko kama watumwa. Walikuja wakiwa bado wanajua Kizigua, na kwa Wazigua wa Handeni lugha hiyo ilikuwa kama barua ya utambulisho. Wengi wao wamepewa uraia wa Tanzania. Huko kufanana kwa lugha kulifungua mlango. Huku Kigoma kufanana kwa lugha ndiko kunakoufunga, na hata mwenye nyumba anaachwa nje.

Upo pia mfano mkubwa zaidi ambao wafadhili wengi wanaufahamu. Mwaka 2007 Tanzania, Burundi na shirika la wakimbizi la UNHCR walianza mpango kwa wakimbizi wa 1972 walioishi Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Takriban 162,000 walikubaliwa kuwa raia mwaka 2010. Ni tendo kubwa, na kwa idadi hiyo dunia haijaona mengi ya namna yake. Lakini mpango ulitaka waache makazi yao na kutawanywa katika mikoa mingine, wapokewe na halmashauri ambazo nyingi hazikuwa zimeshirikishwa vya kutosha. Madiwani na wabunge wa huko wakauliza: ardhi iko wapi, shule ziko wapi, fedha ziko wapi? Mwaka 2011 uhamisho ulisimamishwa. Vyeti vya uraia vilikaa hadi mwaka 2014 ndipo vikaanza kutolewa, na watu wakaruhusiwa kubaki walipo. Miaka minne mtu alikuwa si mkimbizi wala si raia mwenye cheti. Na wale wa 1972 waliokuwa wakiishi vijijini mkoani Kigoma, nje ya makazi rasmi, zaidi ya 20,000 walioandikishwa, walibaki nyuma zaidi ya wenzao wa Katumba na Mishamo.

Naitaja habari hii kwa sababu inaonyesha kwamba hata nia njema ya Taifa hukwama pale ambapo halmashauri hazijakaa pamoja mapema.

JAMBO LISILOSEMWA MKUTANONI

Sasa nataka kusema jambo ambalo sote tunalijua. Kila msimu wanavuka vibarua kutoka ng'ambo kuja kulima mihogo, maharage na mahindi yetu. Mapatano hufanywa kwa mdomo. Wengi wetu tunalipa. Lakini wako wanaongoja kazi iishe, na siku ya malipo inapokaribia wanapeleka habari ofisini kwamba kuna wahamiaji haramu shambani. Gari linakuja, vibarua wanakamatwa au wanakimbia, na shamba limelimwa bure.

Wengine wanaofanya hivyo wako kwenye orodha ya zaka. Mnawafahamu, nami nawafahamu.

Watasema, "Lakini ni kweli hana kibali." Ni kweli. Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Soko la Pamoja la Jumuiya likaanza mwaka 2010, lakini hilo halijamfanya kibarua wa jembe awe huru kuvuka bila taratibu. Sheria ya uhamiaji ifuatwe. Ila kosa la kukosa kibali halifuti deni la aliyemwajiri akijua hivyo. Jasho limekwisha kumwagika.

Tukimwachia diwani wa kata moja alirekebishe, hataweza. Kakonko ikitunga sheria ndogo kali juu ya mapatano ya vibarua na Kibondo isifanye hivyo, wenye mashamba makubwa watavusha vibarua wao kilomita chache na mchezo utaendelea. Halmashauri zina mamlaka ya kutunga sheria ndogo kwa sheria namba 7 ya mwaka 1982. Zikitunga zinazofanana, katika msimu mmoja, mahali pa kujificha panapungua. Jambo lenyewe ni dogo: mapatano yote ya kazi ya shamba yaandikwe kwenye daftari la kitongoji, kiasi kitajwe, mashahidi wawili wawepo, na mwajiri anayedaiwa ashughulikiwe hata kama kibarua wake hana kibali.

KUGAWA SAWA NA KUGAWA KWA HAKI

Wenyeji nao wana malalamiko, na si haki kuyaita chuki. Kambini mtu alipangiwa lita 20 za maji kwa siku kwa viwango vya kimataifa, hata kama hazikufika kila siku. Kijijini hakuna aliyempangia mwanamke lita hata moja. Alikwenda chemchemi na ndoo yake. Misitu ilikatwa kwa kuni. Mwanamke mkimbizi alibakwa akitafuta kuni hizo, na mwanamke mwenyeji akatembea mbali zaidi kuzipata. Ukizungumzia usawa kwa kutazama upande mmoja tu, umeshindwa kabla ya kuanza.

Nchini Uganda waliweka kanuni kwamba katika misaada ya maeneo ya wakimbizi, sehemu ya asilimia 30 iwanufaishe wenyeji. Huku kwetu, Programu ya Pamoja ya Kigoma ilianza mwaka 2017 ikiunganisha mashirika 16 ya Umoja wa Mataifa na serikali ya mkoa na halmashauri, nayo ilitazama wenyeji pamoja na wakimbizi. Hata hivyo mapema mwaka 2018 Tanzania ilijitoa katika mpango wa kimataifa wa kuhudumia makundi hayo mawili pamoja, na mwaka 2019 masoko ya pamoja ya kambini yalifungwa. Nawakumbusha waliouza huko: mwenyeji aliuza ndizi na dagaa, mkimbizi aliuza sabuni na unga, na halmashauri ilipata ushuru. Soko lilipofungwa waliokosa hawakuwa wakimbizi peke yao.

Kambi nazo hufungwa. Mtabila ilifungwa Desemba 2012 na eneo lake likachukuliwa na Jeshi la Kujenga Taifa. Mtendeli ilifungwa mwishoni mwa 2021. Maelfu wamekwisha kurudi Burundi tangu mpango wa kurejea ulipoanza Septemba 2017. Kila kambi inapofungwa kuna visima, majengo na barabara za kugawa, na kuna watu ambao hawakuondoka kwa sababu wameoa au wameolewa hapa. Nani anapata kisima? Nani anahesabiwa kwenye mpango wa kijiji wa fursa na vikwazo? Mwanakijiji wa jirani na kambi aliyevumilia miaka yote, au kitongoji chenye diwani mwenye sauti kubwa?

Kuna miji ya mbali iliyojiwekea utaratibu ambao tunaweza kuujaribu. Seattle, Marekani, kuanzia katikati ya miaka ya 2000, ilitaka idara zake zijiulize kabla ya bajeti: uamuzi huu utamnufaisha nani, utambebesha nani mzigo, na je, wanaobeba mzigo waliulizwa? Baadaye halmashauri nyingine za Marekani ziliungana kufuata njia hiyo. Ulaya, muungano wa miji dhidi ya ubaguzi uliasisiwa Nuremberg mwaka 2004 kwa msaada wa UNESCO, na mwaka 2006 wa Afrika ukazinduliwa Nairobi. Sina haja tuige majina yao wala vikao vyao vya hotelini. Maswali yale matatu yanaingia kwenye ukurasa mmoja wa daftari, na yanaweza kuulizwa kwa Kiha.

TUNACHOOMBA

Vikao vya kukutanisha halmashauri vipo tayari. Mkoa wa Kigoma una halmashauri nane, zinazokutana katika Kamati ya Ushauri ya Mkoa. ALAT, jumuiya ya tawala za mitaa iliyopo tangu 1984, ina vikao vyake mkoani. Vikao vya ujirani mwema kati ya wilaya zetu na viongozi wa Burundi hufanyika, ingawa mara nyingi vinazungumzia usalama na mifugo tu. Hatuhitaji chombo kipya. Tunahitaji ajenda mpya katika vyombo vya zamani, na madiwani waliopo hapa ndio wanaoweza kuiingiza.

Ajenda ya kwanza ni utambulisho. Halmashauri nne za mpakani zikubaliane maswali yale yale, aina zile zile za ushahidi, na kwamba mtendaji wa Kakonko akimwandikia mwenzake wa Kasulu kuuliza rejista ya shule, ajibiwe kwa maandishi katika muda uliowekwa. Mama yule asizunguke yeye. Karatasi ndizo zizunguke. Na anayekataliwa apewe sababu iliyoandikwa. Mtu aliyekataliwa kwa mdomo hana cha kukata rufaa.

Hapa ndipo parokia zinapoingia, na ndiyo sababu nimekubali kuja. Vitabu vya ubatizo na ndoa katika makanisa ya Buha vina majina ya watu ambao wakati wanazaliwa hapakuwa na ofisi ya vizazi karibu. Cheti cha ubatizo kinakubalika kama ushahidi wa kusajili kizazi kilichochelewa RITA. Lakini nimeona vitabu hivyo: vingine vimeliwa na mchwa, vingine vimelowa, vingine viko chini ya kitanda cha katekista aliyestaafu. Waislamu nao wana kumbukumbu za ndoa misikitini, na tusiwaache nje.

Wageni wetu wafadhili, najua mnapenda kisima, kwa sababu kisima kinapigwa picha. Kisima ni kizuri. Mwaka huu nawaomba kabati za chuma, mashine ya kunakilia, na posho ya vijana wawili kila parokia wa kuviandika upya vitabu hivyo kwa mwaka mmoja. Haitaonekana kwenye kalenda yenu, lakini mtu akipata nakala yake anaweza kulala usiku gari likipita.

Kuna tahadhari moja, na wanakamati nawaomba mniwekee alama hapa. Kitabu kinachothibitisha kwamba fulani alizaliwa Nyabibuye ndicho kinachoonyesha kwamba mwingine wazazi wake walitoka Ruyigi. Kisiwe chombo cha kuwindia watu. Nakala apewe mwenyewe anayehusika, au mzazi wa mtoto, na si mtu mwingine anayekuja kuuliza habari za jirani yake. Akija ofisa na barua rasmi, afikishwe kwa paroko au mchungaji, na jambo lifuate sheria. Tukikosea hapo, watu wataacha kubatiza watoto, na watakuwa na sababu.

Ajenda ya pili ni daftari la vibarua nililolieleza. Hiyo haingoji kikao cha mkoa. Mkutano mkuu wa kijiji hukutana kila miezi mitatu, na kijiji kinaweza kuanza msimu huu huu huku madiwani wakishughulikia sheria ndogo za halmashauri zote. Maandiko yana mengi juu ya mgeni na ujira wake, nanyi mmeyasikia kanisani mara nyingi kuliko mimi, kwa hiyo sitayarudia.

Ajenda ya tatu ni yale maswali matatu ya bajeti. Waheshimiwa madiwani, yaulizeni kwa sauti mkisoma mpango wa maji wa mwaka ujao.

Fomu ya kuorodhesha vitabu vya kila parokia, jina la kitabu, miaka yake na hali yake, iko mezani kwa katibu. Haina mahali pa kuandika jina la mtu yeyote, na ni makusudi. Zichukueni kabla ya chakula, kwa sababu baada ya chakula magari ya Kasulu yataondoka. Sasa nipo tayari kwa maswali, na ningependa tuanze na akina mama waliokaa nyuma.